Weka Chini Hicho Kitambaa: Mwongozo wa Kuisoma na Kuitunza Sanamu ya Buddha

Nyumba za pwani zinajua kuirudishia shaba mng'ao wake. Ndimu au ukwaju, majivu ya jikoni na mkono usiochoka, na sinia lililofubaa linawaka kama siku ya harusi. Kwa sinia hakuna ubaya, maana sinia ni la kusuguliwa. Lakini mkono uleule ukiigeukia sanamu ya Buddha iliyoletwa zawadi kutoka Nepal au Thailand, dakika tano zinatosha kuondoa kile ambacho fundi alikitia kwa wiki nyingi. Hoja ya mwongozo huu ni moja: sanamu hizi zinaumizwa na usafi kuliko vumbi, kwa sababu mwenye kitambaa hajui anachokitazama. Mara nyingi kinachoonekana uchafu ni sehemu ya sanamu yenyewe. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kusoma, ya pili ni kuamua, na ile ya mikono, ikihitajika, ni ndogo kuliko unavyodhani.

Huhitaji kuwa Mbuddha ili maelezo haya yakufae. Huenda umerithi sanamu, umepewa na mgeni, au unasimamia hoteli ambayo mwenyewe alipenda kuweka kichwa cha Buddha kando ya bwawa la kuogelea. Waumini nao wapo karibu: Dar es Salaam lina hekalu la Kibuddha lililoanzishwa na Wasinhala kutoka Sri Lanka enzi za ukoloni. Yanayofuata yanazungumzia zaidi sanamu za shaba nyekundu zinazotengenezwa Patan, mji ulio kusini ya Kathmandu, kwa kuwa kazi yao ina tabaka nyingi na ndiyo rahisi kuiharibu. Nyinginezo nitazigusa kwa ufupi.

Anza na mikono

Kwa karne kadhaa baada ya kufariki Buddha, wachongaji wa India walionyesha kuwapo kwake kwa nyayo, gurudumu, mti, au kiti kitupu, kama inavyoonekana kwenye mawe ya Sanchi. Umbo la mtu lilienea baadaye, katika karne za kwanza za kalenda hii, hasa Gandhara na Mathura. Lilipokuja lilikuja na kanuni zake: vipimo vya mwili, alama za mtu mkuu, na ishara za mikono. Ndiyo maana hakuna kidole kilichokaa ovyo. Mkono wa kulia unaoning'inia juu ya goti hadi vidole viguse chini haukuchoka. Ni usiku wa kuamka kwake huko Bodh Gaya, pale Mara, pepo mshawishi, alipotaka kujua nani shahidi wa haki ya Siddhartha, Buddha mtarajiwa, kukaa mahali pale, naye akaigusa ardhi ishuhudie. Mikono miwili iliyolala mapajani ni tafakuri. Kiganja kilichoinuliwa kumwelekea mtazamaji kinasema usiogope, na kile kilichoshushwa kikiwa wazi kinatoa. Mikono miwili iliyokutana mbele ya kifua, vidole vikitengeneza duara, ni gurudumu la mafundisho lililoanza kuzungushwa Sarnath katika hotuba ya kwanza.

Mwili nao unasomeka. Kinundu juu ya kichwa ni alama ya hekima, wala si kilemba. Ndewe ndefu za masikio zinakumbusha hereni nzito za mwana wa mfalme aliyeziacha. Yungiyungi lililo chini ya sanamu huota kwenye matope na kuchanua juu ya maji likiwa safi. Ukiona mguu mmoja umeshushwa kana kwamba mtu anataka kusimama, na umbo ni la mwanamke, huenda ni Tara wa Kijani, aliye tayari kuinuka aende kusaidia. Upanga wa kukata ujinga pamoja na kitabu ni wa Manjushri. Na yule mnene anayecheka, mwenye kitambi na mfuko, anayeuzwa kila duka la zawadi, si Siddhartha Gautama kabisa. Ni Budai, mtawa wa China anayehusishwa na karne ya 10, ambaye wengi wanamwona kuwa ujio wa Maitreya, Buddha wa zama zijazo. Kumwita "Buddha" bila maelezo ni kumpa mtu jina la mwenzake.

Msomaji anaweza kuuliza, elimu hii ina uhusiano gani na kitambaa? Uhusiano upo, tena wa moja kwa moja. Kijiti kifupi chenye ncha mbili kilicholala mbele ya kiti cha sanamu igusayo ardhi kinaweza kuonekana kipande kilichosahauliwa kiwandani. Hicho ni vajra, silaha ya radi, na mara nyingi ndicho kinachomtofautisha Akshobhya, Buddha wa upande wa mashariki, na Shakyamuni, yaani Siddhartha wa historia. Ukiking'oa umebadilisha jina la sanamu. Upanga wa Manjushri mara nyingi ni kipande kinachochomoka, kwa hiyo anayejua kwamba upanga ulipaswa kuwepo atautafuta kwenye boksi kabla boksi halijatupwa.

Kisha jua ilivyozaliwa

Mafundi wa Patan, wengi wao Wanewari wa ukoo wa Shakya, huchonga kwanza umbo kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu. Nta hufunikwa tabaka za udongo, la kwanza laini sana ili lishike kila mkunjo wa nguo, na za nje zikiwa zimechanganywa makapi ya mpunga. Udongo ukikauka hupashwa moto, nta huyeyuka na kutoka, na shaba iliyoyeyushwa humiminwa ilipokuwa nta. Halafu kalibu huvunjwa. Haiwezi kutumika tena, ingawa siku hizi karakana nyingi huzalisha nakala za nta kwa kalibu za mpira, na kwa hiyo maneno "ipo moja tu duniani" ya muuzaji yapokee kwa tahadhari. Sanamu kubwa husubiwa vipande vipande na kuunganishwa. Baada ya hapo huja kazi ndefu kuliko zote: nakshi, inayopigwa kwa patasi ndogo na nyundo, mstari kwa mstari.

Sasa ngozi yake. Kwa njia ya kale ya Patan, dhahabu huchanganywa na zebaki hadi iwe kama uji mzito, hupakwa juu ya shaba, kisha moto hufukuza zebaki na dhahabu ikabaki imeng'ang'ania. Mvuke huo ni sumu iliyowaumiza mafundi wengi. Tabaka linalobaki ni jembamba mno. Zaidi ya hapo, katika sanamu zinazofuata desturi ya Tibet, uso hupakwa dhahabu ya unga iliyochanganywa na gundi, bila moto, ili uwe mtulivu usiong'aa. Macho na midomo huchorwa kwa brashi, nywele zikapakwa buluu. Gundi hiyo huyeyuka kwa maji. Hapa ndipo msiba wa kawaida unapotokea: mtu anaona uso umefubaa kuliko mabega, anadhani ni vumbi la miaka, analowanisha kitambaa, na kwa mfuto mmoja anaondoa macho.

Ndani nako si patupu. Sanamu iliyowekwa wakfu hujazwa kijiti kinachosimama kama uti wa mgongo, karatasi za maombi zilizoviringishwa, nafaka, uvumba, pengine masalio matakatifu, kisha kitako hufungwa kwa bamba la shaba lililochorwa vajra mbili zilizopishana. Kwa muumini, kulifungua bamba hilo ni kuivunja wakfu. Kwa asiye muumini, ni kuharibu ushahidi usioweza kurudishwa mahali pake. Mwaka 2014 sanamu moja ya China ilipigwa picha za CT katika hospitali ya Amersfoort, Uholanzi, na ndani yake ukaonekana mwili uliokaushwa wa mtawa aliyeishi takriban miaka elfu moja iliyopita. Walioichunguza hawakuhitaji kuipasua.

Kagua kabla ya kugusa

Ukaguzi ufanye mchana, karibu na dirisha, lakini pasipo jua la moja kwa moja.

1. Piga picha pande zote nne, kitako na uso kwa karibu. Picha hizo ndizo zitakazokuambia mwakani kama doa limekua.
2. Tambua malighafi: shaba iliyopakwa dhahabu, shaba tupu, mbao, jiwe au udongo. Kama hujui, ichukulie kuwa imepakwa rangi inayoyeyuka kwa maji.
3. Tazama uso na nywele. Rangi yoyote iliyopasuka, kubabuka au kuinuka ukingoni inamaanisha kazi imeishia hapo. Hata brashi isipite.
4. Angalia kitako kama kimefungwa. Kikiwa kimelegea, kizuie kwa kuiweka sanamu pale pale ilipo. Usigonge wala usitie gundi.
5. Sukuma kwa upole, kwa ncha ya kidole chenye glavu, miale ya mgongoni, taji na silaha za mikononi ujue kipi kinacheza.

Kuondoa vumbi

Vumbi lina haki ya kuondolewa, kwa kuwa hunyonya unyevu na kuushikilia juu ya shaba. Tatizo ni namna. Kitambaa hunasa kwenye ncha za taji na kusukuma chembe za mchanga juu ya dhahabu, kila chembe ikiacha mchirizi wake. Brashi laini ya manyoya, ya rangi za maji au ya vipodozi ambayo haijawahi kutumika, huinua vumbi bila kulisugua.

1. Vua pete, saa na mkufu. Nawa mikono na uikaushe, halafu vaa glavu safi zinazobana. Jasho lina chumvi, na alama ya kidole kwenye shaba iliyong'arishwa inaweza kuila na kubaki humo.
2. Tandika taulo mezani. Kuinua sanamu, shika kwa mikono miwili, mmoja chini ya kitako na mwingine ukiegemeza mgongo. Kamwe usiinue kwa mkono wa sanamu, kichwa au miale.
3. Anza juu ushuke, ukipitisha brashi kwa wepisi wa kupuliza majivu. Usoni pita mara moja tu, au usipite.
4. Kama una mashine ya kunyonya vumbi, funga mdomo wake kwa kitambaa cha neti na uuweke umbali wa kiganja kutoka kwenye sanamu, upokee vumbi linaloruka. Usiigusishe.
5. Acha. Doa lililobaki baada ya brashi si vumbi, na brashi si dawa yake.

Mara moja kila baada ya miezi mitatu au minne inatosha kwa sanamu iliyo kabatini. Iliyo wazi kwenye barabara ya vumbi itahitaji zaidi, na jibu bora kwake ni kabati lenye kioo.

| KISANDUKU: VISIIGUSE SANAMU |
|---|
| Ndimu, siki, ukwaju, majivu, dawa ya meno na soda ya kuokea |
| Dawa za kung'arishia shaba: nyingi zina chembe zinazokwangua dhahabu |
| Waya wa kusugulia sufuria na brashi ngumu ya meno |
| Mafuta ya nazi, ya kupikia au ya mwili: hunata na kukusanya vumbi |
| Kiwi ya viatu, iliyozoeleka kwenye vinyago vya mpingo |
| Moto na msasa: dhahabu ya kale inaweza kuwa na mabaki ya zebaki |

Hewa ya pwani

Anayeishi Mombasa, Tanga au Zanzibar ana adui ambaye mtu wa Kathmandu hamjui: chumvi ya bahari ndani ya hewa yenye unyevu. Shaba huvaa ukijani wake wa kawaida, mgumu, laini kuguswa, usiobanduka, na huo ni ngao. Uache. Unaopaswa kuogopwa ni mwingine: vidoa vya kijani kilichopauka, vyepesi kama unga, vinavyorudi siku chache baada ya kupanguswa. Hapo chumvi imeingia ndani ya shaba na inaila kwa msaada wa unyevu, na ikila tabaka la juu huendelea chini yake. Hali hii huonekana zaidi kwenye vitu vilivyokaa ardhini au karibu na bahari, na hupamba moto unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 45, kiwango ambacho nyumba ya pwani isiyo na kiyoyozi hukipita karibu mwaka mzima.

Kipimo ni rahisi. Weka sanamu juu ya karatasi nyeupe kwa wiki moja bila kuihamisha. Ukikuta unga wa kijani kwenye karatasi, itenge na vitu vingine vya shaba, iweke ndani ya boksi la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu (vile vidogo vya kwenye maboksi ya viatu hushiba upesi, tafuta vikubwa na uvibadilishe), kisha tafuta mhifadhi wa makumbusho. Usikwangue. Hata sanamu nzima isikae juu ya mkeka wa mpira, maana mpira hutoa salfa inayoitia shaba weusi. Udi nao uwashwe mbali: moshi wake huacha utando wa mafuta ambao hakuna brashi itakayouondoa.

Malighafi nyingine kwa haraka. Mbao, hasa zilizopakwa laki na dhahabu kama za Japani na Myanmar, huogopa mabadiliko ya ghafla, kwa hiyo ziweke mbali na upepo wa kiyoyozi na jua la dirishani. Unga mwepesi wa mbao chini ya kitako ni dalili ya wadudu ndani. Udongo usiochomwa usiuhamishe bila sababu. Jiwe lililo bustanini halina haja ya kusafishwa kwa shinikizo la maji.

"Mbona wenyewe wanagusa?"

Pingamizi la kwanza lina nguvu. Katika hekalu la Mahamuni, Mandalay, wanaume hubandika jani la dhahabu juu ya mwili wa Buddha kila siku, hadi umbo la awali limepotea chini ya dhahabu yenye unene wa sentimita nyingi, na uso huoshwa na kung'arishwa kila alfajiri. Nepal waumini hupaka unga mwekundu na kumimina maji, na sanamu zilizochakaa hupakwa dhahabu upya kama kazi ya thawabu. Basi mwenye sanamu moja kabatini ana dhambi gani akiisugua? Jibu ni kwamba kule ngozi ya sanamu ni sehemu ya ibada inayoendelea: kinachopungua hurudishwa na watu wenye mamlaka, vifaa na ujuzi wa kukirudisha. Ndimu yako haina wa kuirudisha dhahabu. Tena angalia mwelekeo wa tendo: muumini wa Mandalay anaongeza, wewe unapunguza.

Pingamizi la pili laweza kutoka Bangkok. Mwaka 1955 sanamu ya plasta ilipokuwa ikihamishwa katika hekalu la Wat Traimit ilianguka, plasta ikapasuka, na ndani ikaonekana dhahabu ya uzito wa takriban tani 5.5. Je, si ushahidi kwamba kukwangua hulipa? Naliona kinyume. Ile plasta, iliyoonekana ya thamani ndogo, ndiyo iliyoificha dhahabu kwa miaka mingi. Aliyeipaka alikuwa na sababu, na sababu hiyo ilifanya kazi kwa kuwa hakuna aliyeona haja ya kuisafisha.

La tatu ni la msomaji Mwislamu au Mkristo: kwa nini niiheshimu sanamu ya dini nyingine? Hakuna anayeombwa kuiinamia. Lakini hata asiye Mwislamu, akiishi vizuri na majirani, hauweki Msahafu sakafuni wala hauegemezei kikombe, na hadhi hiyohiyo inafaa hapa. Iweke juu kuliko kiuno, mahali safi, mbali na choo, na isielekezewe nyayo. Usiivalishe kofia wala usipige nayo picha za mzaha. Sri Lanka, mwaka 2012, watalii Wafaransa walihukumiwa kwa picha walizopiga wakiibusu. Na kichwa kitupu kando ya bwawa kifikiriwe upya. Borobudur, kisiwani Java, ilikuwa na sanamu 504 za Buddha, na zaidi ya 300 zimeharibika, nyingi hazina vichwa. Mtindo wa kukipamba kichwa bila mwili ulitanguliwa na mtindo wa kukikata.

Kabla ya kununua, na baada ya kuvunjika

Tazama mgongo. Kazi ya mkono mzuri huumaliza mgongo kama mbele, na nakshi zake hutofautiana kidogo kutoka petali hadi petali. Mistari iliyofanana kabisa na mshono pembeni huashiria kiwanda. Nepal hairuhusu kutoa nje sanamu yenye zaidi ya miaka 100, na hata mpya inahitaji cheti cha Idara ya Mambo ya Kale. Thailand nayo hudai kibali cha Idara ya Sanaa. Muuzaji anayenong'ona kwamba yake ni "ya kale sana" na hana karatasi ama anakudanganya ama anakuuzia mali ya wizi. Vyovyote, ondoka.

Ikivunjika, kusanya vipande vyote katika bahasha, hata punje, wala usitumie gundi ya haraka, maana fundi atakayekuja baadaye atapoteza muda akiiondoa. Ikiwa huitaki tena, usiitupe jalalani. Thailand sanamu zilizovunjika hupelekwa hekaluni au chini ya mti wa bodhi. Ukiwa Dar es Salaam, waulize watawa wa hekalu wanavyopenda.

Kuhusu kusafisha, kuna mfano mmoja unaostahili kuigwa, japokuwa sanamu yenyewe ina urefu wa takriban mita 15. Ni Buddha Mkuu wa Todai-ji, Nara, aliyefunguliwa macho kwa ibada mwaka 752. Hupanguswa vumbi mara moja kwa mwaka, tarehe 7 Agosti, na wapangusaji huvaa nguo nyeupe baada ya kuoga kwanza wao wenyewe.